Mtungi Ule Ule, Gesi Imepungua: Stori ya Bei ya Propani kwa Wamarekani Wanaoishi Kwenye Magari

Najua wengi wenu mnazifuatilia zile video za Wamarekani wanaoishi kwenye magari. Dada anaamka, anafungua mlango wa nyuma wa vani, mbele yake jangwa na milima, kahawa inachemka kwenye jiko dogo, muziki laini unapita chini chini. Watu wanajaza mioyo myekundu huko chini, kila mtu anataka maisha hayo. Hakuna anayeuliza jiko lile linawaka kwa kitu gani, anajazia wapi, na anatozwa shilingi ngapi.

Basi mimi nimelifuatilia hilo, na kumbe kuna stori ya zaidi ya miaka 100 pale nyuma ya jiko. Kuna mkemia, kuna tajiri wa mafuta, kuna kampuni 2 kubwa zilizoshtakiwa na serikali ya Marekani. Na katikati kuna watu kibao ambao majina yao hayajaandikwa popote. Hao wa mwisho ndo nimewaandikia leo, maana wao ndo waliokuwa wanatoa hela.

Kwanza tuelewane. RV ni gari la kuishi. Lipo la kujiendesha lenyewe, kubwa kama basi la mkoani, na lipo tela linalovutwa nyuma ya pikapu. Ndani kuna kitanda, jiko, choo, bafu, friji. Umeme ukiwa haupo (na porini haupo), karibu kila kitu kinategemea gesi ya propani: kupika, kuchemsha maji ya kuoga, kupasha joto usiku wa baridi. Hata friji. Ndiyo, friji! Zile friji za zamani za RV zinapoza kwa moto wa gesi. Vijana wawili wa chuo kule Sweden walibuni hicho kitu mwaka 1922, na mpaka leo kuna watu wanagandisha barafu kwa kuwasha kiberiti. Dunia ina mambo.

Kwa hiyo kwa mtu wa RV gesi ndo umeme wake, ndo koti lake, ndo chakula chake. Bei ikicheza, maisha yanacheza.

Sasa turudi 1910, mji wa Pittsburgh. Kuna stori inasimuliwa sana kwenye biashara ya gesi Marekani. Jamaa mmoja mwenye Ford Model T, jina lake halijulikani, alikwenda kulalamika kwamba anapigwa. Ananunua galoni nzima ya petroli, akifika nyumbani anakuta imebaki nusu. Akaona serikali iingilie kati, haiwezekani mtu alipie galoni apate nusu.

Malalamiko yakamfikia mkemia wa serikali, Walter Snelling, aliyekuwa na ofisi ya madini. Akachukua petroli, akaiweka kwenye chombo, akaona kweli kuna mvuke unatoka na kupotea. Akaunga mtambo wa kienyeji, inasemekana alitumia koili za hita kuukuu ya maji, akazitenganisha zile gesi moja moja. Ndani yake akaikuta propani. Gesi hii inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndo maana ukiiacha wazi inakimbia. Ila ukiigandamiza ndani ya chuma inatulia kama maji, na kidogo tu kinawaka muda mrefu.

Mwaka 1913 Snelling akapata hataza yake, kisha akamuuzia Frank Phillips, yule wa Phillips Petroleum, kwa dola 50,000. Tajiri akaendelea na utajiri wake, mkemia akaingia kwenye vitabu. Mwenye Model T? Kapotea. Lakini kabla hajapotea alikuwa ameuliza swali la msingi kuliko wote: nimelipia kiasi gani, na nimepata kiasi gani? Biashara ya propani ilianza na mteja anayehisi kaibiwa kipimo, na ukiniuliza mimi, hilo swali halijawahi kujibiwa vizuri mpaka leo.

Utalii wa magari nao ulikuwa unakua pembeni. Mwaka 1919 kule Tampa, Florida, kilianzishwa chama cha watu wanaosafiri na kulala kwenye magari, wakajiita Tin Can Tourists, watalii wa makopo. Miaka ile walipikia petroli na mafuta ya taa, hatari tupu ndani ya kibanda cha mbao. Baada ya Vita Kuu ya Pili propani ikashika soko, matela yakaja na mitungi 2 mbele pale penye kiungo cha kuvutia. Ukiona tela la Kimarekani leo, mitungi bado iko pale pale.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa naomba utulivu kidogo maana hesabu zipo. Sio ngumu.

Propani Marekani inauzwa kwa njia 3. Ya kwanza ni kwa galoni. Unafika kwenye kituo, jamaa anaunga mpira kwenye mtungi wako, mita inahesabu kama pampu ya sheli, unalipa kilichoingia. Mtungi ulikuwa na nusu? Unalipia nusu iliyoongezwa. Hii ndo njia ya haki, na ndo wanayoitafuta watu wa RV.

Ya pili ni bei moja kwa mtungi. Bango linasema mtungi wa ratili 20 ni dola kadhaa, basi. Ukija mtupu ni hiyo, ukija na gesi iliyobaki ni hiyo hiyo. Tuseme bei ni dola 18. Mtungi wa ratili 20 (kama kilo 9) unabeba galoni 4.7 hivi. Ukija mtupu kabisa umelipa kama dola 3.80 kwa galoni, sio mbaya. Lakini ukija ukiwa bado na galoni 1 na nusu ndani, umeongezewa galoni 3.2 tu, na kila moja imekugharimu zaidi ya dola 5 na nusu. Ile iliyobaki umeilipia mara ya pili, yaani umenunua gesi yako mwenyewe. Na mtu wa RV hasubiri gesi iishe kabisa, maana ikiisha saa 9 usiku kwenye baridi ya milimani utaimba nyimbo zote unazozijua. Kwa hiyo yeye karibu kila mara anakuja na mabaki. Hii bei ya mkupuo ni kama ilitengenezwa kumkamata yeye.

Ya tatu ni kubadilisha mtungi, kama tunavyofanya sisi. Unaacha mtupu, unachukua uliojaa kwenye kile kizimba cha chuma nje ya supamaketi. Hii kwetu ndo kawaida, lakini kwao ilichelewa kushika kasi. Kampuni ya Blue Rhino ilianzishwa 1994 huko North Carolina, ikasambaza hivyo vizimba kila kona. Ujanja wake ulikuwa rahisi: watu hawapendi foleni, hawapendi kukutana na fundi mwenye glavu, wanapenda kulipa kaunta na kuondoka.

Halafu ikaja bahati. Sheria za usalama zikataka kila mtungi mdogo uwe na valvu ya kuzuia kujaza kupita kiasi. Ndani yake kuna boya, sawa na lile la tenki la choo: gesi ikifika asilimia 80 boya linafunga njia. Asilimia 80 kwa sababu propani ikipata joto inavimba, lazima uiachie nafasi. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2002, mtungi usio na valvu hiyo hauruhusiwi kujazwa tena. Fikiria mamilioni ya mitungi ya zamani mikononi mwa watu. Ukienda kituoni wanakukatalia. Ukienda kwenye kizimba wanaupokea mkongwe, wanakupa mpya. Watu wakamiminika kwenye vizimba, na wengi hawakurudi tena kwenye mita. Sheria ilikuwa ya usalama na ni nzuri, siipingi hata kidogo. Ila iliwahamisha watu kutoka mahali wanapoona kipimo hadi mahali wasipokiona.

Twende 2008. Mwaka huo unaujua, benki za Marekani zilianguka, watu wakapoteza nyumba na kazi. Wengi, hasa wazee waliokaribia kustaafu, wakanunua vani au tela kuukuu wakaingia barabarani. Kama umeangalia filamu ya Nomadland, iliyobeba Oscar ya filamu bora 2021, hao ndo wenyewe. Ilitokana na kitabu cha mwandishi wa habari Jessica Bruder cha 2017, na baadhi ya unaowaona mle sio waigizaji, ni watu wa maisha hayo kweli. Amazon ilikuwa na mpango kabisa, CamperForce, wa kuajiri watu wa RV kwa muda msimu wa sikukuu. Bibi wa miaka 70 anapanga maboksi usiku, asubuhi anarudi kulala kwenye tela. Niliiangalia ile filamu mara ya pili nikiwa tayari najua habari za mitungi, nikajikuta natazama kila kona kutafuta gesi iko wapi.

Sasa mwaka huo huo wa 2008, mafuta yalipanda kwelikweli duniani na propani ikapanda nayo. Kampuni mbili zilikuwa zimeshika biashara ya kubadilisha mitungi: Blue Rhino, ambayo wakati huo ilishanunuliwa na Ferrellgas, na AmeriGas. Kwa maelezo ya tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, hawa wawili pamoja walikuwa na kama asilimia 80 ya soko la jumla la mitungi hiyo.

Wangeweza kupandisha bei. Lakini bei ikipanda mteja anaiona, ananuna, anahama. Wakafanya kitu kingine. Mtungi ule ule wa ratili 20, ambao wao walikuwa wanaujaza ratili 17, wakaamua kuujaza 15. Chuma ni kile kile, rangi ile ile, bei ya jumla ile ile. Ratili 2 zimeyeyuka. Piga hesabu, ni sawa na kupandisha bei kwa asilimia 13 hivi bila kugusa kibandiko cha bei.

Ratili 2 ni nini, si kama kilo kasoro kidogo? Ngoja nikuonyeshe. Hita ya kawaida ya tela, ya BTU 30,000, ikiwaka mfululizo inamaliza galoni moja kwa saa 3 hivi. Ratili 2 ni karibu nusu galoni, yaani saa moja na nusu ya joto. Kila mtungi. Kwa bosi anayechoma nyama bustanini mara 3 kwa mwaka hiyo ni mishikaki michache. Kwa yule bibi wa maboksi ni saa moja na nusu ya usiku wa Januari.

Na hapa ndo pananoga. Walmart, mteja mkubwa wa wote wawili, akagoma. Akasema hapokei mitungi iliyopunguzwa. Na Walmart akigoma biashara inaweza kuharibika, kwa sababu ukipunguza wewe na mwenzako asipunguze, mteja wako anahamia kwake. FTC ilidai kwamba kampuni hizo 2 zikaelewana kwa siri: hakuna kurudi nyuma, wote tunakaza mpaka Walmart akubali. Na Walmart akakubali.

Sisemi mimi jamani, yapo kwenye mashtaka ya FTC ya Machi 2014. Miaka 6 baadaye! Kufikia Oktoba mwaka huo huo wakamalizana kwa makubaliano, na Januari 2015 yakathibitishwa. Kampuni zilikatazwa kupanga pamoja bei na ujazo wa mitungi. Hawakukiri kosa, na makubaliano hayo hayakuwa na faini. Kesi za wateja wenyewe mahakamani ziliendelea miaka mingine, mpaka 2017 mahakama ya rufaa bado ilikuwa inabishania kama zimechelewa au hazijachelewa.

Unajua kilichoniuma? Mafuta yalishuka tena mwisho wa 2008 hiyo hiyo. Sababu ya kupunguza ikaisha. Ratili hazikurudi. Nenda leo kwenye kizimba, soma kibandiko cha mtungi: ratili 15. Imeandikwa vizuri kabisa, hawajaficha. Kwa kilo ni 6.8, imezidi kidogo tu ule mdogo wetu wa kilo 6, lakini imekaa kwenye chuma cha kilo 9.

Tuseme unalipa dola 22 kubadilisha. Umepata galoni 3 na nusu, kila galoni zaidi ya dola 6. Barabara ya pili kuna kituo cha mita kinauza galoni dola 3 na nusu, ungejaza mtungi mzima kwa dola 16 na chenji. Umelipa zaidi, umepata pungufu, halafu ukipeleka mtungi wenye mabaki hurudishiwi kitu. Hizo bei ni mfano wangu wa kuelewesha, kila mji una zake, ila uwiano uko hapo hapo.

Kuna kitu kingine kilinishangaza kwenye hii stori. Yale magari makubwa ya kifahari, bei yake kama ghorofa, tenki la gesi limefungwa chini ya gari moja kwa moja. Huwezi kulichomoa ukalipeleka kwenye kizimba. Lazima uliendeshe gari lote hadi kwenye pampu, na pampuni kuna mita. Kwa hiyo tajiri anapimiwa kila tone hata kama hajui thamani yake! Mwenye tela ndogo anaishia kwenye kizimba. Na mwenye vani isiyo na tenki kabisa ananunua vile vikopo vya kijani vya ratili 1. Galoni moja ni vikopo 4 na kidogo. Kikopo kikiwa dola 5, galoni imefika dola 21. Ni mkaa wa kopo na mafuta ya kula ya kupima, ile ile. Anayenunua gunia anapata nafuu, anayenunua kopo anamlipia mwenye gunia.

Tusiwalaumu wauza reja reja kwa kila kitu. Bei ya propani yenyewe inapangwa mbali, kwenye maghala ya chini ya ardhi ya Mont Belvieu kule Texas na Conway kule Kansas, na inayumba. Msimu wa 2013 wakulima wa mahindi wa kati ya Marekani walivuna mahindi mabichi, wakachoma gesi nyingi kuyakausha, kisha ikaja baridi kali ya kihistoria. Mwishoni mwa Januari 2014 wastani wa bei majumbani ukapita dola 4 kwa galoni. Hapo hakukuwa na njama ya mtungi, ilikuwa mahindi na barafu. Lakini ona, kwenye mita watu waliiona bei ikipanda na baadaye wakaiona ikishuka. Kwenye kizimba ratili zilishuka mara moja, zikabaki huko.

Watu wa RV wamejifunza. Mzee wa barabarani akifika mji mpya swali la kwanza kwa wenzake ni nani anauza kwa galoni. Kule Quartzsite, Arizona, ambako maelfu ya magari hukusanyika jangwani kila Januari kukimbia baridi, hiyo ni habari muhimu kuliko siasa. Wengine wanatembea na mizani ndogo ya kuning'iniza. Kwenye shingo ya mtungi pamegongwa herufi TW na namba, huo ni uzito wa chuma kitupu, kwa mtungi wa ratili 20 ni kama 17. Unapima mtungi, unatoa hiyo namba, kinachobaki ndo gesi uliyouziwa. Pale pale kuna tarehe pia, maana mtungi mpya ukifika miaka 12 lazima ukaguliwe ndo ujazwe tena, na hapo kizimba kinakuwa rafiki: unawapelekea uliopitwa na wakati, unachukua wenye tarehe mbichi, halafu kuanzia siku hiyo unajaza kwa mita tu. Wajanja hao.

Mtungi wako wa hapo jikoni nao umegongwa uzito wa chuma kitupu, kwenye shingo au ubavuni. Kautazame, halafu niandikie hapo chini: ulipoununua mara ya mwisho, muuzaji aliuweka kwenye mizani au alikupa tu ukabeba?